Vipande vya Kitenge cha Matanga

Nilisema tangu mkutano wa kwanza, na nikikumbuka hasira bado inanipanda. Tulikuwa mafundi cherehani wa mtaa wa Katindo, wauzaji wa chagua, yaani nguo kuukuu zinazokuja kwa mabalo, marobota makubwa, na bwana mmoja wa mradi wa msaada. Tulikubaliana kushirikiana: kitambaa kisitupwe, mabaki yashonwe mikoba na mito, faida iturudie wote. Wazo zuri, sikatai. Ila kila fundi aliagizwa alete gunia la mabaki.

Nikawaambia mabaki si yetu. Kwetu mteja akija kuchukua gauni, anapewa pamoja na vipande vyake, hata viwe vya upana wa kidole. Ndivyo anavyojua hukumwibia kitambaa. Bwana yule akatabasamu, akasema hizo zote ni deshe, takataka tu. Mafundi wenzangu, ambao kila siku wanawafungia wateja vipande hivyo hivyo, hawakuniunga mkono. Walitaka cherehani mpya ambazo mradi uliahidi kutupa. Na mimi nilizitaka.

Nikaanza kuwaomba wateja mmoja mmoja. Wachache walinipa. Maonyesho ya kazi zetu kwa wageni wa mradi yalipokaribia, gunia langu halikuwa limefika hata nusu, nikasemwa mbele ya watu. Niliporudi kibandani nikaona vipande vya mama mmoja wa upande wa Bukavu. Nilikuwa nimemshonea gauni la kumaliza matanga ya mama yake, kwa kitenge, kikwembe kama asemavyo yeye, kilichochaguliwa na ukoo mzima, naye alikuwa bado hajaja kulichukua. Nikavitia guniani. Ni mkono wangu mwenyewe, sina wa kumsingizia.

Siku ya maonyesho mama yule alipita mezani petu, akashika mkoba mmoja, akaugeuza.

"Mama fundi, iyi haiko kikwembe ya matanga ya mama yangu?"

Nikakiri kwamba ndicho. Nikamwomba bwana wa mradi nimpe mama mkoba wake. Akakataa, eti ni sampuli ya kuonyesha wageni. Mama hakugomba. Aliurudisha mezani taratibu, akaondoka.

Cherehani zilikuja, moja ninayo, inashona vizuri. Mama yule naye bado ni mteja wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Zamani alikuwa akiniachia kitenge na kwenda zake sokoni. Siku hizi anavuta kiti, anakaa mbele ya mkasi wangu mpaka nimalize kukata, kisha ananyoosha kiganja kupokea vipande vyake.