Mawifi Wawili na Programu ya Mizani

Kiwandani walimwita Mama Mizani, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkuu wa kompyuta katika kiwanda cha unga, mwanamke mkali kama pilipili, na cheo hicho alikipata kwa kumpiku wifi yake, dada wa mumewe. Programu ya mizani, ile inayopima unga kila gunia linapojazwa, ilikuwa kazi ya wifi. Aliponyimwa ukuu, wifi alifunga mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo wakawa paka na panya.

Kisha meneja akaamua kompyuta zote zihamie mfumo mwingine.

"Programu si ipo?" alisema. "Ihamishe tu."

Mama Mizani akaanza. Mafaili yalitafsiriwa kwa lugha ya mashine bila shida, moja moja. Lakini kiunganishi, chenye kazi ya kushona vipande vyote viwe programu moja, kiligoma na kutapika makosa skrini nzima. Wifi alikuwa amechanganya herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili. Mfumo wa zamani haukujali, huu mpya ulijali. Maktaba nyingine, yaani vifurushi vya programu zilizokwisha kuandikwa, alizitaja kabla ya faili linalozihitaji, na kiunganishi hiki kikishapita hakirudi nyuma. Mama Mizani akapanga, akapangua, huku akimlaani wifi kimoyomoyo.

Likabaki jina moja: ondoa_gunia, la kipande kinachotoa uzito wa gunia ili ubaki wa unga tu. Programu ililiita kila mahali, na halikuandikwa popote. Lilikuwa ndani ya maktaba iliyokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mfumo wa zamani, na huu mpya haukuweza kuisoma. Maandishi yake ya asili hayakuwemo kiwandani.

Akameza kiburi, akampigia wifi simu.

"Nahitaji faili la ondoa_gunia."

"Hata salamu hakuna," wifi alijibu. "Hilo nililiandikia nyumbani, kwa kompyuta yangu."

"Ni mali ya kiwanda."

"Basi kiwanda kije kulidai. Wewe si ndiye mkuu?"

Simu ikakatwa. Fundi wa mashine, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza kwa upole wa kinafiki, "Leo wifi haishiki?" Mama Mizani alimtazama mpaka akaondoka.

Jioni alimwomba mumewe azungumze na dada yake. Mume aliendelea kupiga pasi shati.

"Vita vya wanawake mimi simo."

"Si vita. Ni kazi."

"Basi kaifanye."

Usiku huo mume alikula alichojipikia mwenyewe.

Kesho yake Mama Mizani alipima gunia tupu, akaandika ondoa_gunia yake, inayotoa uzito huo kila mara. Kiunganishi kikanyamaza. Programu ikawaka, mizani ikasoma, magunia yakaanza kupita. Meneja akaja kutazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Unaona? Wifi yako aliandika kitu cha kudumu."

Mama Mizani akageukia skrini yake.

Jumapili wakakutana sebuleni kwa mama mkwe. Wifi alimsubiri mama atoke, kisha akasema bila kumtazama, "Nasikia umeliandika upya."

"Nimeliandika."

"Unatoa uzito gani?"

"Wa gunia tupu."

"Moja kwa yote?" Wifi alicheka puani. "Na gunia lililolowa, lililo zito zaidi? Langu lilikuwa linapima kila gunia kabla halijajazwa. Mvua ikinyesha, wewe utawapunja watu unga."

"Hilo nimeshalishughulikia."

Ulikuwa uongo mtupu, na wote wawili walijua. Jumatatu alfajiri, kabla walinzi hawajabadilishana zamu, Mama Mizani alikuwa kwenye kiti chake akirekebisha. Hakuwahi kujua kama wifi alitaka kumwaibisha au kumwokoa, na kumuuliza asingeweza. Bora ameze kaa la moto. Asante hakutoa. Wifi naye hakuidai.

Mama mkwe alipouliza siku moja kama siku hizi wanaongea, Mama Mizani alisema, "Tunasalimiana." Hata hilo lilikuwa limetiwa chumvi.