Kitambi cha Karani Kilivyotupandisha Matogoro

Daktari alimwambia karani wetu wa boma atembee kidogo kila asubuhi, apunguze tumbo. Yeye akaona kutembea ni uvivu, akaapa kukimbia asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya kwanza alikatiza sokoni mbio, macho yamemtoka. Tangu vita vya Maji Maji, mtu wa boma akikimbia sisi hatuulizi. Akina mama walibeba watoto na kuku, tukamfuata wote hadi mlimani Matogoro.

"Mnanifuata nini?" akauliza akihema.

"Kwani vita havijarudi?"

"Napunguza tumbo!"

Bibi mmoja akakipapasa kile kitambi. "Mwanangu, sisi tangu vita tunalitafuta tumbo kama hili. Ukilichoka usilitupe porini, niletee."

Siku hizi anatembea, kama alivyoambiwa. Lakini sisi bado tunamtazama miguu kwanza, ndipo tunapomsalimu.