Siku Tisa Zilizobaki

Nakumbuka siku moja ambayo kwa miaka mingi nilikana kwamba nilihusika nayo. Barua iliyomtorosha kaka yangu Odera niliiandika mimi. Mama aliniuliza mpaka akaingia kaburini, nami, msomi mzima wa chuo kikuu, nikamjibu kila mara, "Sijui, Mama."

Enzi za mkoloni tuliishi kambini, kwenye shamba la chai upande wa Kericho. Odera alikuwa akitia kuni katika tanuri la kukaushia majani. Akazoea bangi, siku moja akasinzia mbele ya moto, na nusu ya ghala ikateketea. Hakimu hakumfunga. Alimwamuru akae hospitali ya misheni miezi mitatu, atibiwe. Akitoroka, ni jela. Daktari akamnyang'anya kipande, kile cheti ambacho wanaume wetu walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, na bila hicho huendi popote.

Zikabaki siku tisa. Jumapili aliruhusiwa kuja nyumbani, arudi Jumatatu jioni. Baada ya kanisa akanivuta pembeni.

"Mimi nimepona," akasema. "Siku tisa za nini? Za kupalilia viazi vya misheni? Tanganyika kuna dhahabu."

"Si umalize kwanza?"

"We mwalimu, hiyo kalamu ni pambo? Andika!"

Mwanangu, nilikuwa na miaka kumi na mitano, na mwandiko mzuri kuliko akili. Kuitwa mwalimu kulinilevya kuliko bangi yake. Nikaandika kwamba mwenye barua hii amemaliza matibabu, kipande chake kitafuata. Hata sahihi ya daktari nikaitia mkia wa madaha. Alasiri hiyo akapata lori mpaka Fort Ternan, akapanda treni, na Jumatatu asubuhi alikuwa melini Kisumu. Mama alidhani amelala kwa rafiki zake. Hakurudi tena, akiamini kwamba nyumbani anangojewa na jela, na huko Tanganyika, tulisikia, bangi ilimpata upya.

Jumatatu hiyohiyo karani alimwita Mama ofisini: kuna simu kutoka hospitali. Nikamfuata.

Ngoja kwanza nikupe nasaha, maana baada ya simu hiyo sina la kuongeza. Wazee husema, ukimla ng'ombe mzima usishindwe na mkia. Mtu akikusihi umsaidie kukatiza tiba yake, mnyime, hata akikuita mchawi. Kama unampenda, nenda ukapalilie viazi naye. Mungu akupe subira ya kuumaliza mkia, na mkono wako usiandike neno utakaloshindwa kumsomea mama yako.

Karani alisikiliza, kisha akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde:

"Daktari anasema hakimu amemsamehe siku zilizobaki! Kijana amejitahidi sana. Aje leo achukue kipande chake!"

Mama akapiga vigelegele mpaka wachumaji wakainua vichwa shambani. Kisha akanigeukia, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Mwanangu, kimbia! Kamwamshe kaka yako."