Pamba ya Mbabula Katika Sikio la Ngoie

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na naikumbuka kwa sababu ya tundu dogo kwenye kikwembe, kitenge changu cha kujifunga kiunoni. Halikuzidi punje ya dengu. Kile kikwembe kilizeeka, nikakikata matambara, matambara nayo yakaisha, lakini lile tundu bado naliona, na kila nikiliona nashtuka upya.

Nakusimulia leo kwa sababu juzi mmoja wenu alinipigia simu: mtoto analia sikio, amtie nini? Nikamjibu haraka, "Usimtie kitu." Akacheka. "Kambo," akaniita, kama sisi tunavyomwita bibi, "si wewe ndiye unayejua dawa za nyumbani?" Ndiyo, nazijua. Nitawaeleza zile zinazofaa, wala sitaficha. Ila kwanza kaa chini, usikie kwa nini sauti yangu ilibadilika kwenye simu.

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaire. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, nimeolewa, nakaa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi kule Shituru. Nyumba zilikuwa za kampuni, zimepangwa mistari, na upepo ukigeuka sote tulikohoa, kwa maana moshi wa kiwanda ulichoma kooni. Mume wangu, Baba Ngoie, alifanya kazi kwenye jumba la mabirika, mahali shaba inapotolewa ndani ya maji yenye asidi. Wake wa wanaume wa jumba lile tulijuana kwa nguo za kufua. Salopeti za waume zetu, yaani nguo zao za kazi, zilijaa matundu madogo madogo, kana kwamba zimetafunwa na panya asiye na njaa. Tone la maji yale likianguka kwenye nguo, hulioni. Baadaye nguo ikikauka, au ikipata joto, unagusa tu na kidole kinapita upande wa pili.

Sasa, wanaume walipewa pamba ya kupangusia mashine, nyuzi nyuzi zilizochambuliwa. Ikishalowa mafuta ilikuwa ya kutupa. Waume zetu waliitia mfukoni wakatuletea, nasi tukawashia mbabula, jiko letu la makaa. Hakuna kilichowasha makaa upesi kama pamba ile. Lakini ilikuwa mali ya kampuni. Mlinzi wa langoni akiikuta mfukoni, mtu angeweza kufukuzwa kazi, na aliyefukuzwa kazi alitolewa na kwenye nyumba. Kwa hiyo kila mke aliificha, mimi kwenye debe chini ya meza, na hakuna aliyemwambia mwenzake, ingawa moshi wa kila ua ulinuka pamba hiyo hiyo.

Binti yangu Ngoie alikuwa na miaka minne. Alikuwa ametoka kuugua mafua, na asubuhi moja aliamka ameshika sikio la kuume, analia. Baba yake alikuwa ameshakwenda kazini. Nikambeba hadi nyumba ya tatu, kwa Mama Zaina, mama mzee wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Maniema. Mume wake alikuwa dereva wa kampuni. Wanawake wa kambi, Wakatoliki kwa Waislamu, tulimpelekea watoto wetu wote, naye hakuomba kitu zaidi ya kuketi naye kidogo.

Alimtazama Ngoie, akamnusa sikio, akalibonyeza taratibu kwa mbele na kwa nyuma.

"Haijatoka usaha," akasema. "Bon. Iko na sukari mu nyumba, Mama Ngoie?"

"Sukari? Ni dawa?"

"Hapana, ni ya chai yangu. Dawa ni chumvi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akaweka chumvi ya mawe kwenye sufuria kavu, akaikaanga mpaka ikaanza kupasuka, akaimimina katika kitambaa kizito na kukifunga fundo. Akangoja. Akakiweka kwanza juu ya mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, akahesabu polepole. Ndipo akakiweka nyuma ya sikio la Ngoie, kisha chini ya taya, mtoto ameketi wima mapajani mwangu. Baada ya muda kilio kikawa kwikwi tu.

Tulipokuwa tunaondoka akanishika kiwiko. "Sikiya, mutoto wangu. Inje ya sikio, fanya. Ndani ya sikio, usitie kitu. Weye hauone ndani, minye sione ndani. Ikifika kesho analia bado, ama akipata homa, peleka ku dispansere."

Nikaitikia. Niliitikia vizuri kabisa, mwanangu, kama mtu aliyesikia.

Kabla ya adhuhuri Ngoie akaanza kulia tena. Nikarudia chumvi, akatulia, akalia. Nilikuwa mchanga, na mama mchanga huona dawa inayotuliza kidogo kuwa si dawa. Nikakumbuka kuwa wanawake wengine pale kambini walitia mafuta ya kitunguu saumu. Nikasema moyoni, Mama Zaina ni mzee, anaogopa kila kitu. Nikaponda kitunguu, nikakiweka katika kijiko cha mafuta ya karanga, nikaketi karibu na mbabula kuyapasha. Ilibaki pamba ya kuzibia. Duka lilikuwa mbali na mtoto alikuwa analia.

Unajua nilikoinama.

Ndani ya debe nilichagua, ee, nilichagua! Nikaacha ile nyeusi ya grisi, nikatwaa kipande cheupe zaidi, kibichi kidogo, chenye rangi ya kijani kibuluu pembeni. Baba Ngoie alikuwa ameileta jana yake. Nikaiweka mapajani, juu ya kikwembe, wakati mafuta yanapata joto. Nilipoikata ilikatika kama karatasi ya zamani, bila kuvutwa. Sikujiuliza pamba gani hukatika hivyo. Nikaichovya, nikaisukuma ndani ya sikio la mwanangu kwa kidole changu hiki.

Akanyamaza. Nikatabasamu. Kisha macho yake yakapanuka, akanitazama kama hanijui, na sauti iliyotoka sijaisikia tena kwa mtoto yeyote, wala siombi kuisikia.

Nikaitoa pamba, nikaitupa kwenye makaa, nikakimbia naye hadi dispensari ya kambi. Njiani, karibu na bomba la maji, wanawake wakaniita: "Mama Ngoie, njo nini?" Nami bila kusimama nikapaza sauti: "Chumvi ya Mama Zaina!"

Sikupanga kusema vile. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka yakanishtua mimi kwanza. Lakini ningesema pamba, wangeuliza pamba ipi. Na pale bombani palikuwa na mke wa mlinzi wa langoni.

Kwenye dispensari muuguzi alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza Ngoie, akaona ngozi ya mdomo wa sikio imebadilika rangi.

"Citoyenne," akaniita kama tulivyoitwa wanawake siku zile, "uliweka nini humu?"

"Chumvi ya moto. Mama mmoja alimwekea chumvi."

"Ndani?"

"Ndiyo. Ndani."

Basi yeye akatibu nilichomwambia. Akapaka marhamu ya watu waliochomwa na moto, akaziba sikio kwa bandeji safi, akafunga kichwa. Ngoie akaendelea kulia, tena zaidi. Muuguzi akatazama saa, akatazama mtoto, akakunja uso. "Kuungua kwa chumvi hakuendi hivi," akasema, kama mtu anayejisemea. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika kidole changu kilichokuwa kinawaka, nasikia mwanangu analia, nikajua kwa nini analia, na nikanyamaza. Nilifikiria nyumba. Nilifikiria Baba Ngoie amesimama langoni na godoro kichwani. Hilo ndilo linalonishtua hadi leo, kupita hata pamba yenyewe. Pamba nilitia kwa kutojua. Kimya kile nilikijua.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Zaina, anahema, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Wanawake wa bombani walikuwa wameshamfikishia habari.

"Ba mama banasema minye nimechoma mutoto," akasema. Hakunifokea. Sauti yake ilitetemeka, maana katika miaka yake yote pale hakuna mtoto aliyewahi kuumia mikononi mwake. "Mama Ngoie. Sema mbele ya munganga. Nilitia kitu mu sikio?"

Nikainamisha kichwa. Naye, nilipoinama, akafuata macho yangu mpaka mapajani pangu, akaona. Akasogea. Akachukua kikwembe changu kwa vidole viwili, akakinyoosha, ncha ya ukucha wake ikachungulia upande wa pili.

Akakisogeza kwenye mwanga.

"Hii tundu," akasema polepole, "haiko ya chumvi. Haiko ya moto, pembeni haina weusi. Hii ni tundu ya salopeti." Akaniinua kidevu. "Mutoto wangu, uliweka pamba ya mbabula?"

Mwanangu, hakuna mwanamke wa Shituru asiyejua tundu lile. Nilishtuka. "Ndiyo," nikasema. "Ya jumba la mabirika. Niliitia mimi. Chumvi haina kosa."

Muuguzi hakuuliza zaidi. Alirarua ile bandeji aliyoifunga mwenyewe, akapiga kelele, "Maji! Maji mingi, ya vuguvugu!" Mama Zaina akakimbilia ndoo. Tukamlaza Ngoie ubavu, muuguzi akamiminia, akageuza, akamiminia, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama siku nzima, mpaka kilio kikapungua, kikawa kwikwi kama ile ya asubuhi. Kisha akaketi, akavua miwani.

"Asidi huoshwa palepale," akaniambia kwa upole uliouma. "Minye niliifungia ndani na bandeji yangu, sababu weye uliniambia chumvi. Ungesema kweli tangu mulangoni..." Akachukua daftari lake. Nikaanza kulia, nikamwomba kwa ajili ya kazi ya mume wangu.

Akanitazama kwa mshangao. "Naandika asidi. Asidi iko kila mahali hapa, hata mu hewa. Mfuko wa nani, sikuulize. Unafikiri kwangu tunawasha mbabula na nini?"

Hebu fikiri. Nilichoogopa kumwambia, yeye alikuwa nacho nyumbani kwake.

Kurudi kambini Mama Zaina alimbeba Ngoie mgongoni mwake, mimi nikifuata. Tulipofika bombani wanawake wakageuka. Nilisimama, nikasema mbele ya wote, mke wa mlinzi akiwemo: "Ni mimi nilimuchoma mutoto wangu, na pamba ya mbabula. Mama Zaina alinikataza." Mke wa mlinzi alisogeza ndoo yake, akatupa nafasi ya kupita. Jioni ile, kabla jua halijazama, niliona moshi kwenye nyua tatu: watu walikuwa wanachoma akiba zao za pamba. Baba Ngoie naye, niliposema yote, alikaa kwenye kizingiti, akazitazama salopeti zake kwenye kamba, hakula.

Sikio la Ngoie lilipona kidonda. Kusikia hakukurudi sawasawa.

Sasa nasaha, mwanangu, nami nitakwenda taratibu ili ushike. Mtoto akilia sikio, mketishe wima, au muinue kichwa kwa mto, kwa maana akilala chali maumivu huzidi. Mpe maji ya kunywa, kumeza humsaidia. Kaanga chumvi uifunge kitambaani, au tumia kitambaa kilichochovywa maji moto na kukamuliwa, jaribu kwanza kwenye mkono wako mpaka uone unaweza kuvumilia kwa raha, kisha kiweke nyuma ya sikio na chini ya taya. Hiyo ni dawa ya Mama Zaina, nami nimeitumia kwa wajukuu wote. Ujue tu kuwa inatuliza maumivu. Ugonjwa wenyewe haiuondoi.

Ndani usitie: wala mafuta, wala kitunguu, wala maziwa ya mama, wala majani, wala kijiti, hata kama jirani anaapa. Ndani kuna ngozi nyembamba kama utando wa yai. Ikiwa imetoboka, unachotia kinapita mahali kisipotakiwa, na kwa macho yako huwezi kujua. Ukiona usaha au damu, homa, uvimbe nyuma ya sikio, au mtoto bado mchanga sana, au siku imepita na kilio hakijapita, usingoje. Nenda. Na kitu cha kazini kibaki kazini. Kisikae hata chini ya meza.

Na ukifika kwa muuguzi, sema ulichofanya. Sema upesi, sema chote, hata kama aibu inakukaba. Yeye hutibu maneno yako kabla hajatibu mtoto. Nilipoteza muda mfupi tu kwa uongo wangu, na ule muda mfupi mwanangu ameubeba maisha yake yote.

Ngoie sasa ni mama mzima, ana mvi. Akija kunitembelea huketi daima kuume kwangu, ili sikio lake zima liwe kwangu. Siku moja, nilipojaribu kumficha kwamba presha yangu imepanda, alicheka, akahama, akaketi upande wa pili. "Mama," akaniambia, "kama ni uongo, sema huku. Hili sikio la kuume ndilo la uongo wako. Kweli ikiwa tayari, niite nirudi."

Nilicheka naye, mwanangu, huku moyo umenishtuka kama siku ile. Kisha nikamwita, akarudi.

Basi nenda, Mungu atulize vilio vya nyumba yako. Akupe jirani kama Mama Zaina, na akupe masikio ya kumsikia. Watoto wako wakusikie kwa pande zote mbili, na usiwe na neno la kuwaambia linalohitaji kuchagua upande.