Nilifunga redio ya pickup bila fyuzi, ikaanza kutoa moshi mbele ya wanajeshi

Wakuu, habari za humu. Nimesoma uzi wa jamaa anayetaka kujifungia redio kwenye pickup yake mwenyewe, nikaona nisipite kimya. Hili lilinikuta mimi, Bujumbura, miaka ya vita. Sitaongeza chumvi, na sehemu inayoniaibisha nitaiandika vilevile.

Nilikuwa fundi umeme wa magari kule mtaa wa Asiatique, kwenye karakana ndogo nyuma ya maduka ya vitambaa. Dada yangu Zaina aliolewa na Issa wa mtaa wa Musaga, ambaye alikuwa na pickup kuukuu ya kubebea samaki kutoka Kajaga, kando ya ziwa.

Issa hakutaka redio kwa ajili ya muziki. Alitaka habari. Siku zile ulitoka nyumbani njia iko wazi, ukafika mbele ukakuta imefungwa, au ukakuta jambo baya kuliko hilo.

Akaniletea redio ya kaseti, mtumba lakini nzima.

Sasa kosa langu. Redio ina waya wa njano unaotaka moto, yaani umeme, wa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Waya huo lazima uwe na fyuzi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Sikuwa nayo. Madukani nikaambiwa zimekwisha, mizigo haiingii.

Ile fyuzi ndogo nyuma ya redio ikanipa moyo. Kumbe ile inalinda redio tu. Waya wote ulioko njiani hauna mlinzi.

Nikaupitisha waya kwenye tundu la bati kati ya injini na kebini, bila raba, nimeuzungushia utepe tu. Redio ikaimba. Issa akaniuliza kama kila kitu kiko sawa, nikamwambia kiko sawa. Moyoni nikasema fyuzi nitaweka wiki ijayo.

Kesho yake asubuhi akanipitia nikamsaidie kupakia samaki Kajaga. Nyuma ya kiti kulikuwa na dumu la petroli, maana mafuta yalikuwa ya kuviziwa. Najua mtanisema. Ndivyo tulivyoishi.

Njia mbovu, gari linarukaruka. Kila shimo nilifikiria lile bati linavyousugua ule waya. Nilitaka kumwambia asimame. Nikaona aibu.

Tulipopunguza mwendo kwenye kizuizi cha wanajeshi, redio ikakatika. Ikaja harufu ya plastiki. Kisha moshi chini ya dashibodi.

Askari wakaruka nyuma, bunduki zote kwetu. Tukaamriwa kuzima gari na kushuka mikono juu. Mlango ulikuwa wazi, nyaya zinaning'inia, na mmoja wao alishaanza kusema ni bomu.

Mimi nilikuwa nalifikiria lile dumu.

Nikajieleza, mikono juu: ni redio, waya umepiga shoti, nyuma ya kiti kuna petroli, naomba nikate moto wa betri, spana iko mfukoni. Askari mmoja mtu mzima akaitoa mwenyewe, akaigeuzageuza, akanipa. Akanifuata hadi kwenye boneti, mtutu mgongoni.

Ni nati moja tu, wakuu. Spana ikateleza mara mbili. Ya tatu ikashika, nikang'oa waya wa hasi. Moshi ukaanza kupungua.

Nilidhani yamekwisha. Wakatupigisha magoti, kila mmoja mbali na mwenzake. Yule mtu mzima akamuuliza Issa nani aliweka zile nyaya. Issa akatazama chini. Akasema gari ni lake, na chochote kilichomo ni chake.

Hakunitaja. Wakamshika mkono waanze kumpeleka kwenye kibanda chao cha mifuko ya mchanga. Si wote waliopelekwa vibanda vile walirudi, na kila mtu mjini alilijua hilo.

Nikikaa kimya, napona. Sitawadanganya, nililifikiria hilo. Si kwa muda mrefu, lakini nililifikiria.

"Ni mi niliweka," nikasema. "Shemeji hajui kitu."

Wakamwachia. Yule askari akanirudia, akataka nimuonyeshe. Nikamuonyesha pale bati lilipoukata waya, na pale fyuzi ilipotakiwa kuwa.

"We ni fundi?"

"Ndiyo."

"Basi ulijua itaungua."

"Nilijua inaweza."

Akanitazama hadi nikashindwa kumtazama. Mwishowe akatuambia tuitoe ile redio palepale, turudi mjini. Nikaing'oa pamoja na waya wake wote, nikarudisha hasi ya betri, gari likawaka.

Tulipofika Asiatique Issa akazima gari, akanigeukia.

"Ungeniambia tu haina fyuzi," akasema, "ningengoja."



Kwa hiyo ndugu mwenye pickup: ng'oa hasi ya betri kabla hujagusa chochote. Fyuzi iwe karibu na betri, si kwenye redio peke yake. Kila tundu la bati litie raba, na waya ubanwe usicheze. Ukikosa kifaa kimoja, acha kazi ilale hapo, umwambie mwenye gari ukweli, hata kama ni ndugu yako na unaona haya.

Mnaojua umeme kunizidi, nisahihisheni. Na aliyewahi kuona moshi ukitoka chini ya dashibodi, atuambie alianza kukata wapi.