Mama mwenye nyumba alituomba "tumpishe kidogo akarabati", kumbe tunampisha afande

Wakuu, salamu kwenu nyote, waliolala njaa na walioshiba.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, ila leo nimeshindwa kunyamaza. Ninachoandika kimenitokea mimi. Anayetaka kubisha aje Shinyanga nimpeleke mpaka kwenye hiyo nyumba. Geti jeusi, kufuli kubwa.

Nauza spea za baiskeli sokoni. Nina mke, binti yetu Zuhura, na mama yangu mzazi ambaye haoni. Macho yake yalififia taratibu mpaka yakazima kabisa, na yalizimika tukiwa tumepanga kwenye hiyo nyumba.

Hapo shikeni vizuri, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwa kuwa upofu ulimkuta humo humo ndani, nyumba nzima ilikuwa mkononi mwake. Karibu na mlango wa uani kulikuwa na lipu mbovu, fundi aliilipua tu, imebaki na makovu kama ya ndui. Mama akipapasa pale anajua kulia choo, kushoto jiko. Dirisha la chumbani kwake ndiko Kibla.

Alikuwa anaenda chooni mwenyewe, anatawadha mwenyewe, anaswali mwenyewe, anachambua maharage huku anatusema wote. Ukijifanya kumshika mkono unakula kofi. "Nimekuwa mtoto mimi?"

Mwenye nyumba nitamwita Mama Kulwa. Msukuma wa watu, anakaa jirani tu. Jioni anakuja, "Mayu, hujambo?", ndivyo anavyomwita mama kwa Kisukuma, wanakunywa chai ya tangawizi wanacheka. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyelala na mama kwenye mkeka mpaka matanga yakaanuliwa. Kodi tulikuwa tunalipa, lakini tulishasahau kwamba ni wapangaji.

Halafu kambi ikajaa.

Kambi ya jeshi iko nje kidogo ya mji, sitaitaja, sitafuti matatizo. Waliletwa wanajeshi wengi, nyumba za ndani hazikutosha, wakaambiwa wajitafutie uraiani. Mwanzoni tulifurahi jamani! Vibaka walihama wenyewe. Nikasema tumepata ulinzi wa bure.

Bure, eti.

Madalali wakaanza kugonga milango ya wenye nyumba. "Mama, una nyumba? Kuna afande anatafuta." Mtu mwenye mshahara wa uhakika, analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Hapo nani atamtaka tena muuza mipira ya baiskeli?

Basi mtaa ukaingiwa na ugonjwa unaitwa ukarabati. Mwalimu wa shule ya msingi akaambiwa apishe ukarabati. Muuza mitumba, ukarabati. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya Geita, dhahabu imemkataa, hata begi hajafungua, ukarabati. Ila fundi wa kukarabati sikumwona hata mmoja.

Nilijua sisi hautatufikia. Tuna Mama Kulwa.

Siku aliyokuja hakunywa chai. Alisimama mlangoni na kanga yake, anaangalia chini. "Baba Zuhura, naomba mnipishe kidogo nikarabati. Nikimaliza mnarudi kwenu."

Nikataka kumuuliza hiyo kidogo ni mpaka lini. Mama akanikatisha kutoka ndani: "Mpishe mwenzio! Kasema tutarudi, tutarudi."

Na ndiyo ikawa hivyo. Tena kitanda cha mninga cha marehemu baba tulikiacha mle mle. Mama mwenyewe alikataa kisibebwe. Cha nini kukihangaisha kwenda na kurudi?

Wakuu, nilizunguka mji ule mpaka cheni ya baiskeli ikalegea. Kila nyumba ama imeshachukuliwa na afande, ama kodi imepandishwa ikawa ya afande. Mwisho nikaangukia Kolandoto, nje ya mji, vyumba viwili, kila siku napiga pedeli kwenda sokoni. Watu wananifariji, "Afadhali, hospitali iko karibu." Mama yangu haumwi jamani! Alikuwa mzima kabisa!

Lakini huku kaigomea nyumba. Hataki kuijua. "Hii ni ya kupita tu," anasema, na mfuko wake wa nguo hajaufungua mpaka leo. Anakaa ukingoni mwa godoro kama mtu aliye stendi. Choo anaita apelekwe. Kila swala anauliza, "Kibla kiko wapi?", na Zuhura anamshika mabega anamgeuza. Yule yule aliyekuwa anatupiga makofi. Inaniuma, sitaki kuwadanganya.

Nikaenda kuangalia huo ukarabati umefika wapi.

Nikakuta kombati imeanikwa kwenye kamba ya mke wangu.

Akatoka kijana, mpole, na mswaki mdomoni. "Shikamoo kaka." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikashindwa. Akaniambia, "Kambini tumebanana, kaka. Tumeambiwa tujitafutie. Hata mimi mke wangu kamwacha mama yake Ushetu, hapa hatuna uhakika wa kukaa." Akanikaribisha chai. Ndani nikaona kile kitanda cha mninga. Nikamuuliza. Akasema mama mwenye nyumba kamwambia wapangaji wa zamani walikitelekeza.

Walikitelekeza!

Nikarudi nikamweleza mama kila kitu. Mnajua alinijibu nini? "Mama Kulwa? Aliyelala na mimi matangani? Acha kumsingizia mwenzio. Huyo askari atakuwa analinda mali ya fundi."

Nikachukua baiskeli nikarudi sokoni.

Sasa juzi juzi zikaja habari kwamba kambini wamejenga maghorofa, wanajeshi wanarudishwa ndani. Wakuu, sikufungua hata banda sokoni. Nilikwenda mbio, nacheka peke yangu barabarani.

Mtaa mzima umefungwa makufuli. Nyumba baada ya nyumba, geti jipya, ndani hakuna mtu. Yule kijana kaondoka kweli. Mama Kulwa akanifungulia, tena kwa fahari, akanizungusha: kodi ya mkupuo ndiyo iliyoleta mafundi, kijana akiwa bado humo humo.

Taili. Jipsamu. Mlango wa uani umezibwa, umehamishiwa upande wa pili. Choo kimeingizwa ndani. Dirisha la Kibla limekuwa kabati la ukutani. Ile lipu ya makovu nimeitafuta kwa mkono kama mimi ndiye nisiyeona. Ukuta laini kama sahani.

Nikamwambia, "Mama Kulwa, ulisema ukimaliza tunarudi kwetu."

Akanitajia kodi. Nikacheka kwa hasira. Akasema, "Baba Zuhura, hii sasa si ya mtu wa hivi hivi. Nasubiri afande mwingine." Nikamwambia alitudanganya. Akanishangaa kwelikweli. "Nimekudanganya nini? Si nilisema nakarabati? Huoni?"

Naona. Mimi ndiye ninayeona.

Sigombani na wanajeshi, nao walisukumwa waje. Ila aliyeamua wajitafutie uraiani hakuuliza uraiani kuna nani. Na sasa wamerudishwa, nyumba zimebaki tupu na sisi tumebaki nje. Funzo langu ni dogo tu: mwenye nyumba akikuomba umpishe kidogo, ng'oa mpaka msumari wako ukutani.

Leo asubuhi mama kaniuliza, "Ulikwenda kwa Mama Kulwa?"

"Nilikwenda."

"Kamaliza ukarabati?"

"Kamaliza, mama."

Akapiga makofi, sijamwona akicheka hivyo tangu tuhame. "Si nilikwambia? Yule hawezi kudanganya!"

Mfuko wake ameushika. Zuhura kamvalisha ushungi. Yupo mlangoni ananisubiri twende, na mimi nimejificha nyuma ya nyumba naandika uzi. Mwenye la kuniambia aniambie, hata la kunitukana nitalipokea.