Tangazo la Mama Jordana

Miaka ishirini na miwili Metodija aliwaletea watu wa mji wa Bitola muziki, na miaka yote hiyo mambo yalimwendea mrama. Alianzia kwenye stoo ya viazi ya baba yake, chini ya jengo la ghorofa. Akajenga jukwaa, akatundika taa, akaiita ukumbi. Bendi ya kwanza kubwa aliyoialika ilizuiwa mpakani. Ya pili ilifika, umeme ukakatika. Wenzake walimshauri auze matairi. Aliwatukana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, kisha akaenda kubandika mabango mengine.

Alichotaka ni kitu kimoja tu: mzee Sande, mpiga klarineti, apige ukumbini kwake. Alimbembeleza miaka kumi na mmoja. Hatimaye Sande akakubali: Jumamosi jioni, onyesho lake la mwisho kabla ya kustaafu.

Alhamisi, Mama Jordana wa ghorofa ya juu akafariki. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza! Kwa desturi yao, kwenye jengo lenye msiba hapapigwi muziki mpaka arobaini ipite.

Metodija aliipiga meza ngumi. "Miaka yote ananigongea sakafu kwa ufagio, na leo amekufa bado ananigongea!"

"Ona haya, Meto," mkewe Bisera akamwambia. "Kesho wakishazika, panda ukampe mwanawe pole. Halafu umwombe, kwa adabu."

Akapanda. Akala ngano ya kuchemsha inayoliwa matangani, akakaa na wafiwa, mwisho akamwomba Ilija, mwana wa marehemu.

"Mama alikuwa hakupendi hata kidogo, Meto," Ilija akasema. "Lakini najua ulivyomsubiri huyo mzee. Piga muziki wako. Mwenye la kusema aje kwangu."

Metodija nusura ambusu. Lakini chini, kwenye mlango wa jengo, lilibandikwa tangazo la kifo, lenye pambizo nyeusi na picha ya Mama Jordana. Hofu ikamshika. Sande mtu wa zamani; akiliona, atavuka kizingiti kweli? Usiku kucha hakupata usingizi. Jumamosi mchana akachukua kisu, akalikwangua.

Hajamaliza, Ilija akatokea na mkate kwapani. Papo hapo gari la Sande likasimama, mzee akashuka na klarineti yake.

"Meto, picha ya mama iko wapi?"

"Ya leo tu, ndugu yangu. Kesho nairudisha..."

"Muziki nilikuruhusu. Kumfuta mama yangu, nani alikuruhusu?" Ilija akasema. "Basi. Hakuna muziki hapa."

Sande aliyasikia yote. Akavua kofia, akampa Ilija mkono wa pole, kisha akamgeukia Metodija aliyeshika vipande vya karatasi.

"Mwanangu, ungeliacha tu tangazo hilo. Ningelisoma, nikamwomba mfiwa ruhusa, wimbo wa kwanza nikampigia mama wa watu."

Akarudisha klarineti garini, akaufunga mlango taratibu.